Mtu wa Kumgombeza

Kabla ya kuingia kwa mteja, Mama Mauzo alikuwa anabadili viatu. Raba alizotembelea mjini zinaingia kwenye kikapu, viatu vyeusi vya kisigino vinatoka, anapangusa vumbi la miguuni kwa kitambaa, halafu anamgeukia mlinzi wa geti na kumwuliza habari za nyumbani, watoto kwa majina yao. Mimi nimebeba kompyuta ya maonyesho, mkono unakufa ganzi, jua la Morogoro linanichoma kisogoni, na yeye anauliza kama yule wa mwisho ameshaota meno. Nilimchukia kidogo kila mara pale getini. Tukishaingia ndani, baada ya nusu saa hivi, namsamehe.

Jina lake alikuwa nalo, lakini mjini hakuna aliyelitumia. Alikuwa mkuu wa mauzo wa tawi la Morogoro la kampuni kubwa ya kompyuta ya ng'ambo. Msije mkafikiria jengo la vioo. Tawi lilikuwa vyumba viwili ghorofani, juu ya duka la vitambaa karibu na soko kuu, na dirisha la nyuma likitazama milima ya Uluguru na mawingu yake. Mimi nilikuwa fundi. Ukiongeza na karani wa kupokea simu, kampuni kubwa ilikuwa imekwisha.

Ilikuwa miaka ile serikali imeanza kuachia viwanda. Kiwanda kilicholala cha umma kinaamka na bango jipya na mwenye mali mpya, na kila mwenye mali mpya anataka kompyuta kwa sababu mwenzake anayo. Wauzaji wakamiminika kutoka Dar. Huyu anauza mashine tupu, yule nyaya, mwingine ana programu kwenye diski mfukoni mwa shati, na wa nne anauza stabilaiza ya kutuliza umeme, kwa sababu umeme wetu wa siku hizo ulikuwa na hasira zake. Mteja ananunua kidogo kwa kila mmoja akidhani amepata nafuu.

"Mteja hanunui mashine, fundi," Mama Mauzo aliniambia mara tu nilipoanza kazi. "Ananunua mtu wa kumgombeza."

Nilidhani ananitania, maana kunitania ilikuwa starehe yake. Mimi ni mtu wa Ngerengere, baba yangu alikuwa mfanyakazi wa reli, na yeye alishikilia kwamba natembea kama mtu anayesubiri treni. Lakini hili alilisema bila kucheka. "Ukinunua mchele kwangu, nazi kwa mwingine, mkaa kwa wa tatu, wali ukiungua utamgombeza nani? Mwenye mchele atasema ni nazi. Mwenye nazi atasema ni mkaa. Sisi tunauza wali uliokwisha kupikwa, na mpishi habanduki jikoni." Makabrasha tuliyoletewa kutoka makao makuu yaliita jambo hilo hilo suluhisho kamilifu, yakaweka na picha za watu wenye tai wakitazama ukuta na kutabasamu. Mama Mauzo hakuwahi kumpa mteja hata moja. Karani alikuwa anayatumia kufunikia chai.

Sikuwa mjinga. Nilijua kwa nini kampuni kubwa zinapenda kuuza kila kitu kwa mkupuo. Mteja akishachukua mashine, programu, nyaya, mafunzo na matengenezo kutoka mlango mmoja, hawezi tena kutoka. Programu yako haiongei na mashine ya jirani, na fundi wa jirani akigusa kifuniko tu, dhamana imekufa. Siku moja tukirudi kutoka Dakawa, kwenye mashamba ya mpunga, nikamwambia wazi, "Mama, sisi hatuuzi suluhisho. Tunaozesha watu kwa nguvu." Alicheka mpaka akashika dashibodi ya pikapu. "Tunaozesha, ndiyo," akasema. "Kwa hiyo kazi yangu mimi ni kuhakikisha bwana harusi si mlevi."

Na aliifanya kazi hiyo. Masista wa hospitali moja ya misheni huko milimani walitaka kompyuta ya kuwekea kumbukumbu za dawa, na ofisi yetu ya Dar ikatuagiza tuwafungie mtandao wa vyumba vyote mpaka stoo ya kuni. Mama Mauzo akawauzia mashine moja, stabilaiza moja na mafunzo, akamwambia sista mkuu, "Mkiona haitoshi mtaniita." Bosi wa Dar alipiga simu akifoka hata mimi niliyekuwa chumba cha pili nikasikia. Yeye aliweka mkono wa simu mbali na sikio, akaendelea kumenya karanga, na maneno yalipokwisha akasema, "Nimesikia." Neno hilo kwake halikuwa na maana ya kukubali. Bosi alichukua miaka kulitambua.

Kila mwezi alitenga siku za kile mimi nilichokiita ziara ya kugombezwa. Hatukwenda kuuza kitu. Tulikwenda kwa wateja waliokwisha kununua, akaketi mbele ya meza ya mtu, mikono mapajani, akamwacha aseme. Printa inakula karatasi, mafunzo yalikuwa mafupi, kijana wenu alinijibu vibaya kwenye simu. Hakusema "lakini" hata mara moja. Mtu akinyamaza anamwuliza, "Kingine?" na mtu anapata kingine. Mhasibu mmoja wa kiwanda cha ngozi alimgombeza kuhusu kompyuta, akahamia kwenye uhamisho wake uliocheleweshwa, akamaliza na shemeji yake. Mama Mauzo aliyapokea yote, na mimi nikakarabati printa. Tulipotoka mhasibu alitusindikiza mpaka kwenye gari, amechangamka, na mwaka uliofuata akanunua mashine nyingine kwetu bila hata kuuliza kwa wenzetu.

Sasa mtu huyo huyo, ofisini kwetu, ulikuwa huwezi kumwambia kitu. Karani aliwahi kusema chai ya leo haina sukari ya kutosha, na chai ilikuwa imepikwa na Mama Mauzo. Ilitubidi tufanye kazi siku hiyo yote kimyakimya kama tuko msibani. Mimi niliwahi kumwambia sketi yake ina chaki kwa nyuma, akaninunia mpaka mwisho wa wiki. Nilimwuliza baadaye inakuwaje anavumilia matusi ya watu baki na hawezi kuvumilia chaki. "Yale ni kazi," akanijibu. "Wewe ulikuwa unanisema mimi."

Aliogopa umeme kuliko simba. Mwanamke aliyeuza kompyuta kuanzia Mlali mpaka kwenye mashamba ya mkonge ya njia ya Dar hakuwahi kuchomeka plagi kwa mkono wake mwenyewe. Mvua ikianza kunguruma mlimani anazima kila kitu, pamoja na redio ya betri. Kupiga taipu alitumia kidole kimoja, akikitazama kana kwamba hakimhusu. Na Jumapili hakufanya biashara, hilo alikuwa na msimamo nalo, Mkatoliki wa kweli, ila baada ya misa alisimama mlangoni mwa kanisa kusalimia watu, na waliosalimiwa kwa kirefu, kwa bahati tu, walikuwa mameneja wa ununuzi. Nilipomtania kuhusu hilo aliniambia salamu ni ibada.

Lakini ufundi wake mkubwa alitoka nao kwao. Alikuwa Mluguru wa milimani, na kwao mtoto ni wa upande wa mama. Ukienda kuposa, baba wa binti atakupa kiti, mtazungumza habari za mvua na bei ya njegere, utarudi nyumbani ukidhani mambo tayari. Mambo bado kabisa, maana mwenye neno ni mjomba, na mjomba hujamsalimia. "Kila kampuni ina baba na ina mjomba," alisema. "Baba ana ofisi yenye zulia, huwezi kumkosa. Mjomba mtafute." Kwenye kiwanda cha nguo mjomba alikuwa katibu muhtasi, mama mmoja mkali ambaye mkurugenzi hakununua hata kalamu bila kumtazama usoni. Kule Dakawa alikuwa mhandisi wa pampu za maji. Kuna mara alikosea pia. Kwenye kiwanda kimoja cha tumbaku alimbembeleza mkuu wa stoo msimu mzima, kumbe mjomba alikuwa mke wa mkurugenzi, na mke wa mkurugenzi alishaahidi mambo kwa watu wengine. Alicheka mwenyewe kwa hilo, akasema ameposa mlango wa jirani.

Washindani wetu hawakujua habari za wajomba. Wao walimwendea baba. Walikuja na suti, wakampeleka meneja hotelini, wakawasha projekta, wakagawa kofia na kalamu, na aliyekuwa mkubwa sana wakamwahidi safari ya Ulaya kuona kiwanda. Mara nyingi walishinda, nisidanganye. Zulia nalo lina nguvu zake.

Ndipo ikaja habari ya shamba la sukari.

Lilikuwa shamba kubwa, limeuzwa kwa wawekezaji, na meneja mkuu mpya alikuwa ametangaza kwamba anataka mfumo mmoja kwa kila kitu: mizani ya kupimia miwa, stoo, mishahara, karakana, mpaka ofisi yao ya Dar. Atakayepata kazi ile amepata mkoa mzima. Bosi wa Dar alikuja mwenyewe, akanywa soda amesimama kwa sababu kiti chetu cha wageni kilikuwa kimevunjika, akasema bila kuzunguka: shamba la sukari likisaini, tawi linabaki. Lisiposaini, msimu wa kusaga miwa ukiisha, vyumba hivi vinafungwa na sisi tutafute pa kwenda. Mimi nilikuwa nimepandisha kuta za nyumba yangu Kihonda mpaka usawa wa madirisha na watoto wawili wako shule. Mama Mauzo walishamwita Dar mara kadhaa akakataa, kwa sababu alisema joto la kule linamfanya ashindwe kufikiri, na sasa nafasi ya Dar ilikuwa ya mtu mwingine. Tawi likifungwa, naye amekwisha, akiwa amebakiza muda mfupi tu kustaafu.

"Kwa hiyo mjomba ni nani?" nilimwuliza Mama Mauzo, bosi alipoondoka.

Alishajua. Sehemu kubwa ya miwa ya kiwanda ilitoka kwa wakulima wa nje, watu wenye mashamba yao wenyewe pembeni ya shamba la kampuni, na wakulima hao walikuwa na mwenyekiti mwenye kiti kwenye kamati ya kuchagua mfumo. Mzee mwembamba, kofia ya pama, mchache wa maneno. Wale wenye projekta walikuwa wamempa kalamu wakapita. Mama Mauzo alimfuata shambani, akabadili viatu pembeni ya mfereji, akamwamkia, wakakaa kwenye kivuli cha tela.

"Mimi mambo ya kompyuta siyajui, mama," mzee alisema. "Ninachojua, tela langu likikaa foleni miwa inakauka. Na ikikauka, pale mizani hawapimi jasho langu. Wanapima kilichobaki."

Hakusema zaidi ya hapo. Nilisikitika njia nzima kurudi, lakini Mama Mauzo alikuwa anaimba nyimbo za kanisa. "Ameshaniambia anachonunua," akasema.

Sasa mizani yenyewe. Ilikuwa sahani kubwa ya chuma, trekta linapanda na tela lake, uzito unasomeka kwenye kompyuta ndani ya kibanda, printa inatoa stakabadhi ya mkulima. Mtangulizi wa meneja mkuu ndiye aliyeifunga, na aliifunga kwa mtindo ule wa nafuu: mizani kwa huyu, kompyuta kwa yule, nyaya na stabilaiza kwa wengine wawili. Msimu ulipopamba moto ikaanza wazimu. Tela limesimama tuli, namba zinapanda, zinashuka, zinapanda tena. Wauzaji wote wanne waliitwa, wakaja mmoja mmoja. Wa mizani alisema ni kompyuta. Wa kompyuta alisema ni nyaya. Wa nyaya alisema ni umeme, na wa stabilaiza alisema stabilaiza yake ina cheti. Wakulima wakaamini wanaibiwa, na asubuhi moja wakaegesha matrekta yao mbele ya mizani, hakuna kupima, hakuna kupita.

Habari ilitufikia ofisini kwa simu, na simu iliyofuata ilikuwa ya bosi wa Dar. Nilikuwa nimesimama karibu, nilisikia kila neno. "Msiende. Na mkienda, msiguse. Si mali yetu. Mkigusa ikafa, itakuwa mmeiua ninyi, na kamati inakaa wiki ijayo. Iacheni iharibike yenyewe, itatusaidia." Hakuwa mpumbavu bosi yule. Mimi ningesema hivyo hivyo.

"Nimesikia," Mama Mauzo akasema, akaweka simu, akachukua kikapu chake.

Kwenye gari nilimwuliza anajua anachofanya au tunakwenda kupoteza kazi kwa ajili ya mashine ya watu. Akanijibu, "Miwa inakauka, fundi. Endesha."

Foleni ilianzia kwenye kona, kabla hata hujaona kiwanda. Watu wameshuka kwenye matrekta, wako wima, wengine na mapanga ya kukatia miwa mkononi, si kwa ubaya ila ndivyo walivyotoka shambani. Karani wa mizani amejifungia kibandani. Meneja mkuu anachungulia dirishani ghorofani, na mwenyekiti ameketi juu ya jiwe na pama lake, anatazama tu. Mama Mauzo alibadili viatu. Nilitamani ardhi inimeze. Halafu akatembea mpaka katikati ya ile sahani ya chuma, mahali ambapo kila mtu anamwona.

"Nani mwenye mashine hii ya wizi?" mtu mmoja akapiga kelele, kijana mwenye kofia nyekundu.

"Leo ni yangu," akasema. "Mwenye neno aniambie mimi."

Hawakulitarajia hilo. Walikuwa wamezoea mtu anayesema si mimi. Halafu yakamwagika.

"Tela langu limepungua limesimama pale pale! Miwa imekwenda wapi?"

"Mnatuletea mashine ya Ulaya ije kutuibia kwetu!"

"Tulikuwa na mizani ya mawe hapa, haijawahi kumdhulumu mtu!"

"Mama mzima wewe, huna hata haya!"

Alisimama pale, mikono ameikutanisha mbele, anamtazama kila anayesema. Mtu akimaliza anauliza, "Kingine?" na wanakuwa nacho. Mimi nilipenya pembeni mpaka kibandani na begi langu la vifaa, karani akanifungulia. Sikuwa na ujanja wa ajabu. Nilikaa tu na kutazama namba kwa muda, jambo ambalo wenzangu wote waliotangulia hawakuwa na subira nalo kwa sababu kila mmoja alikuja kutetea kitu chake. Nikaona zinaruka kila mara mota kubwa ya mkanda wa kupandishia miwa inapoanza kuvuta. Nikatoka nje nikafuata waya. Waya wa mizani na waya mnene wa mota ile zilikuwa zimelazwa kwenye mfereji mmoja, bega kwa bega, ili kuokoa kuchimba mfereji wa pili. Mota ikivuta umeme, waya mdogo unadakia vurugu zake na namba zinaruka. Kila muuzaji alikuwa amesema kweli, kitu chake kilikuwa kizima.

Niliomba mianzi. Wakulima wawili waliochoka kugombeza wakanisaidia kusimamisha nguzo, tukapitisha waya mpya juu, mbali na mota, nikaufunga kwa kamba za mkonge. Haukuwa mtandao wa kupigia picha. Nikawasha, nikamwashiria Mama Mauzo.

Wakulima walikuwa wamebakiwa na manung'uniko tu. Akashuka kwenye sahani, akaomba trekta la mbele lipande. Likapimwa. Mota ikawashwa, likapimwa tena, namba ile ile. Watu wakaja kujazana dirishani. Ndipo mwenyekiti alipoinuka kwenye jiwe lake, akaja taratibu, akapanda kwenye sahani kando ya trekta, na namba ikasogea. Akashuka, ikarudi. Akapanda tena.

"Imeniona," akasema.

Watu walicheka kwa sauti kubwa, na yule wa kofia nyekundu akakimbilia trekta lake. Foleni ikaanza kutembea.

Kwenye gari Mama Mauzo alivua viatu, akaegemeza kichwa dirishani. Nikadhani amechoka. "Yule kijana," akasema hatimaye, "kuniambia mimi sina haya. Mimi sina haya, fundi?" Machozi yalikuwa yanamlenga. Nilimwambia ana haya nyingi kuliko mkoa mzima, nikasimamisha gari nikamnunulia karanga.

Bosi wa Dar alifika kesho yake. "Nilisema msiguse." "Nilisikia," akajibu. Akaambiwa achukue likizo, aende kwao akapumzike mpaka atakapoitwa, na kwenye kamati angesimama kijana mpya kutoka Dar, msomi, mwenye suti nzuri na projekta yake. Alikusanya vitu vyake kikapuni. Karani alilia. Mimi nilikuwa na hasira hata nikashindwa kumuaga vizuri.

Kamati ilikaa kwenye ukumbi wa shamba la sukari. Nilikuwepo nyuma kwa ajili ya nyaya. Washindani walitangulia, wakaonyesha picha zao, meneja mkuu akawa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Kijana wetu akafuata, akasema suluhisho kamilifu mara nyingi sana, naye akatikisiwa kichwa hicho hicho. Meneja mkuu akauliza kama kuna mwenye swali.

Mwenyekiti wa wakulima akainua mkono. "Yule mama yuko wapi?"

"Mama yupi, mzee?" kijana wetu akauliza.

"Tuliyemgombeza."

Bosi wa Dar, aliyekuja na kijana huyo, akasogea mbele. "Amepumzishwa kwa sasa."

"Haya," mzee akasema, akachukua pama lake mezani. "Basi na sisi tunapumzika." Akainuka.

Meneja mkuu akamwomba aketi. Mzee hakuketi, ila alisema, na ndiyo hotuba ndefu kuliko zote nilizowahi kusikia kutoka kwake. "Bwana meneja, hawa wote wameniambia mashine zao haziharibiki. Hakuna kisichoharibika. Mimi nataka kujua ikiharibika nani atasimama pale kwenye chuma nimgombeze. Wanne walikuja wakasema si mimi. Yule mama haikuwa yake, akasema ni yangu. Nunueni mnachotaka huko ofisini. Miwa yetu itapimwa na yule."

Hakuna aliyewasha tena projekta. Walitutoa nje, tukasimama kwenye jua, sisi na washindani wetu, tunatazamana viatu. Tulipoitwa ndani meneja mkuu alikuwa na sharti moja tu, kwamba mkataba autie saini yeye, Mama Mauzo, na jina lake liandikwe kama mtu wa kujibu. Bosi wa Dar alikubali upesi kuliko nilivyowahi kumwona akikubali kitu. Alipogeuka kuniambia nimfuate Mama Mauzo, nilikuwa nimeshafika mlangoni na funguo za pikapu mkononi.

Nilipita Mlali nikaanza kupanda. Barabara ile inajua kumnyoosha mtu, lakini siku hiyo sikuona mashimo. Njia ya gari ilipoishia nikaliacha, nikapanda kwa miguu kati ya matuta ya kabichi na njegere, nikiuliza nyumba kwa nyumba, nahema, watu wananionyesha kwa kidole juu, juu zaidi. Nilimkuta shambani, khanga kiunoni, miguu peku, jembe mkononi. Aliponiona alilisimamisha jembe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wamekufukuza?"

"Hapana."

"Mbona umekuja mwenyewe? Sema upesi, usiniue."

"Wametuchukua, mama. Na wanasema usaini wewe, la sivyo hawataki."

Hakuruka wala hakucheka. Alinikazia macho kama anavyomkazia mteja. "Wamechukua nini? Mashine tu?"

"Mashine."

"Na programu?"

"Na programu. Na nyaya, na umeme wake."

"Mafunzo?"

"Mafunzo."

"Na matengenezo, fundi? Usinidanganye. Matengenezo wamechukua? Maana bila hayo tawi halina kazi."

"Wamechukua kila kitu, mama. Tawi linabaki."

Aliliachia jembe likaanguka. Akaweka mkono mdomoni na kupiga kigelegele, kirefu, chembamba, sijawahi kumsikia akipiga, na sikujua kifua chake kina pumzi kiasi kile. Mimi nilijikuta nacheka na kulia pamoja. Kabla hajamaliza, wanawake waliokuwa wanapalilia ng'ambo ya bonde wakampokea, bila kujua ni cha nini, na wengine juu yao wakapokea nao, mlima mzima ukawa unapiga vigelegele.

Halafu sauti moja ya mwanamke ikavuka bonde. "Kuna nini huko?"

"Nimeuza!" akajibu kwa nguvu zake zote.

"Umeuza nini?"

Mama Mauzo akanitazama, akajifuta machozi kwa ncha ya khanga, akakusanya pumzi.

"Kila kitu!"

Nadhani ng'ambo walizitazama kwanza kabichi zake zilizokuwa bado zimejaa shambani. Kisha wakapiga tena vigelegele, na yeye akaanza kuteremka mbio kwenda kwenye gari, peku vile vile, mimi nyuma yake nikimwita asubiri.